Tabasamu la Taya

Waliosimama mkono wa kushoto wa msusi pale makaburini walimwona analia. Waliosimama mkono wake wa kulia walimwona anacheka. Pande zote mbili zilisema kweli tupu, na ndiyo maana ugomvi uliofuata ulikosa mwamuzi.

Aliyezikwa alikuwa shemeji yake, kitinda mimba wa nyumba ile, mdogo wa mume wake. Mtaa mzima ulimwita Antena. Jina hilo alilipata shuleni kwa sababu ya shingo yake ndefu, na ukubwani akalistahili upya alipoanza kazi ya kufunga madishi ya televisheni juu ya mapaa ya watu. Huko huko juu ya paa ndiko mauti yalikomkuta. Chuma alichokishikilia kiling'oka ukutani, akaanguka, basi. Wapo waliokuwa wakisimulia zaidi ya hapo, wakionyesha kwa mikono jinsi alivyoanguka, na hao wana lao.

Sasa, uso wa msusi una historia yake, na asiyeijua atamhukumu bure kama alivyohukumiwa siku ile.

Miaka kadhaa kabla ya msiba huo msusi aliota uvimbe ndani ya kichwa, nyuma ya sikio la kulia. Haukuwa uvimbe wa kuua haraka, lakini ulikua polepole ukiegemea shina la ubongo. Madaktari waliutoa wote. Walimwambia tangu mwanzo kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha uso umepita katikati ya uvimbe ule, na kwamba huenda wakashindwa kuuokoa. Hawakuuokoa. Alizinduka akiwa na uhai wake na nusu ya uso wake. Upande wa kulia nyusi ilishuka, jicho likakataa kufumba, shavu likaning'inia, na chai ikawa inamtoka pembeni ya mdomo bila yeye kujua. Hata machozi yalikatika upande huo. Jicho la kulia likawa kavu, la kutiliwa dawa ya matone asubuhi na jioni.

Kwa mtu mwingine pengine ingekuwa afadhali. Lakini kazi ya kusuka ni kazi ya kioo. Mteja anakaa mbele, msusi nyuma yake, na kwa saa nzima anachokiona mteja juu ya kichwa chake ni uso wa msusi. Wateja wake walikuwa watu wastaarabu, hawakusema kitu, walianza tu kufumba macho wakijifanya wamepitiwa na usingizi. Mwisho msusi akavigeuza viti vyote vya saluni vitazame mlango. Akawa anasuka watu wakitazama barabara.

Daktari wa upasuaji ndiye aliyemletea wazo la kuazima mshipa mwingine. Akamkabidhi kwa mwanamama mmoja wa tiba ya viungo, mwenye sauti ya upole na mikono baridi, ambaye Antena alimpachika jina la Mwalimu wa Uso siku ya kwanza tu. Maana Antena ndiye aliyekuwa akimpeleka shemeji yake hospitali kwa pikipiki. Mume wake alikuwa fundi wa mafriji, na friji la mtu likizima halisubiri.

"Mpaka uelewe kwanza," Mwalimu wa Uso alisema. Alichukua kalamu akachora kitu kama kisiki cha mgomba. "Hili ni shina la ubongo, liko hapa nyuma, ubongo unapoteremkia kwenye uti wa mgongo. Ndani yake kuna viini, mafungu madogo ya chembe za fahamu. Kila kiini kina misuli yake na hakiingilii ya mwenzake. Hiki cha juu kinainua kope. Hiki ni cha kutafuna. Chini yake kidogo, cha uso. Huku chini kabisa, cha ulimi. Na ndani ya hiki cha uso mna mafungu mengine tena: fungu la paji, la macho, la midomo, la masikio."

"Masikio?" Antena aliruka. "Masikio yana kazi gani?"

"Kwa punda yana kazi kubwa. Sisi yamebaki tu."

Antena akayachezesha yake, na kweli yalicheza. Msusi alicheka kwa upande wake mmoja uliobaki, na Mwalimu wa Uso naye akacheka, ikabidi waanze somo upya.

"Kiini chako cha uso ni kizima," mama yule aliendelea. "Kipo, kinatoa amri kama zamani. Ukifurahi kinapiga kelele, shavu panda! Shavu halisikii, maana njia imekatika. Kwa hiyo daktari atachukua tawi moja la mshipa wa kutafuna, atalileta shavuni. Ila ujue jambo moja. Kiini cha kutafuna hakijui furaha wala huzuni. Kazi yake ni kung'ata. Ukiking'atisha, shavu litapanda. Usipong'ata, hata ukichekeshwa mpaka uvunjike mbavu, upande huu utalala."

"Kwa hiyo Shem akitaka kunichekea ni lazima atafune?" Antena aliuliza.

"Ndiyo hivyo."

"Basi nitakuwa naja na mihogo mibichi."

Alipasuliwa mara ya pili. Ikapita miezi shavu likiwa vilevile, na msusi akaanza kujiandaa kukata tamaa. Kisha siku moja, akiwa anamalizia kushonea nywele za mteja, mkasi ukawa mbali, akauvuta uzi akaukata kwa meno kama wafanyavyo wasusi wote duniani. Kitu kikaruka shavuni. Alidhani ni nzi. Akaukata uzi mwingine ambao haukuhitaji kukatwa, na kitu kikaruka tena. Akamwacha mteja kitini na nywele nusu, akakimbilia kile kioo alichokipa mgongo siku zote, akasimama mbele yake aking'ata na kuachia, aking'ata na kuachia, pembe ya mdomo ikipanda na kushuka. Mteja aligeuka akauliza amefurahi nini leo. Alishindwa kumjibu kwa sababu alikuwa analia.

Baada ya hapo yakawa mazoezi ya kila siku mbele ya kioo. Ang'ate kidogo, shavu lipande kidogo. Ang'ate zaidi, lipande zaidi, mpaka kulia kulingane na kushoto. Antena alikuwa mkaguzi wake. "Hapo umezidisha, Shem, unafanana na mgombea." "Hapo umepunguza, nusu yako bado ina kinyongo na mimi." Viti vya saluni vikarudi kutazama kioo. Hata ugomvi wa ndani ya nyumba ulipata dawa, kwa sababu msusi akimkasirikia mume wake alikuwa anauma meno, na akiuma meno upande wa kulia unatabasamu, na fundi wa mafriji akiliona tabasamu lile katikati ya maneno makali anashindwa kujizuia, anacheka, naye msusi anaishia kumrushia mto.

Watu wanne tu walijua siri ya meno: yeye, mume wake, Antena, na Mwalimu wa Uso. Wengine wote waliambiwa amepona. Halikuwa kusudio la kumdanganya mtu. Ilitokana na mama mkwe.

Msusi alilelewa na shangazi, na shangazi huyo alishafariki. Alipoolewa, mama mkwe alimpokea kwa neno moja, "mwanangu", na hakuwahi kulibadilisha. Alipokuwa mgonjwa yule mama ndiye aliyemwogesha na kumlisha uji akimfuta mdomo kwa kona ya kanga. Uso uliporudi, alikuwa wa kwanza kuzunguka mtaani akiwatangazia watu kwamba mkamwana wake amerudishiwa sura yake. Kisha msusi na mume wake wakaja kula kwake Jumapili moja. Mama mkwe alikaa upande wa kulia wa msusi, akamtazama anavyotafuna, akaona tabasamu linakuja na kuondoka, linakuja na kuondoka kwa kila tonge.

"Jamani," alisema, na sauti ilikuwa imejaa. "Mnaona mwanangu anavyokifurahia chakula changu? Wanangu wa kuzaa wanakula kama wanapakia gari. Huyu anakula anatabasamu."

Hapo ndipo ungekuwa wakati wa kusema. Msusi alifungua mdomo aseme, akamwona bibi yule anavyong'aa, akaufunga. Antena akadakia kutoka ng'ambo ya meza: "Mama, muongezee nyama ngumu ngumu, atafurahi zaidi." Mume wake alipaliwa na maji. Ikaishia hapo, ikawa desturi ya Jumapili. Mama mkwe akawa hakai popote ila kulia kwa mkamwana wake, na kila akiliona tabasamu lile anaongeza kijiko. Uongo mwingine mtu anausema. Ule wa msusi ulijisema wenyewe, yeye akauachia uendelee.

Ndipo simu ikaja kuhusu Antena.

Msusi alikuwa mke wa mtoto mkubwa, na kwenye msiba mke wa mkubwa hana pa kukaa. Watu wa kupokewa ni yeye, mikeka ya kutandikwa ni yeye, masufuria ya kuazimwa ni yeye. Kila alipotaka kuzama kwenye kilio chake kulikuwa na mtu anamuuliza sukari iko wapi. Na tena alikuwa na malezi ya shangazi, ambaye hakuvumilia mtoto wa kupiga mayowe. Mtu mzima, shangazi alikuwa akisema, analia ndani kwa ndani, nje anajikaza. Kwa hiyo alijikaza. Mama mkwe naye alijikaza. Alipita katikati ya waombolezaji macho makavu, mgongo wima, na watu wakanong'onezana kwamba mama yule ana moyo wa ajabu.

Makaburini walisimama, wifi yake akiwa kushoto kwake na mama mkwe kulia, kama kawaida yao. Jeneza liliposhushwa na udongo wa kwanza ukaanguka juu ya mbao, kilio kilimpanda msusi kutoka tumboni kwa nguvu ambayo hakuitegemea. Aliona wazi kwamba kikitoka hakitarudi. Akafanya anachofanya mtu yeyote duniani anayekizuia kilio. Aliyauma meno kwa nguvu zake zote.

Upande wa kushoto, mdomo ulipinda ukashuka na machozi yakamtiririka mpaka shingoni. Wifi aliyaona, akamshika mkono. Upande wa kulia jicho lilikuwa kavu kama siku zote, na shavu likapanda, likapanda tena, likavuta pembe ya mdomo juu mpaka meno yakaonekana. Kadiri uchungu ulivyozidi ndivyo alivyozidi kuuma, na kadiri alivyouma ndivyo lilivyozidi kucheka. Mama mkwe aligeuka amtafute mwanawe huyu wa pili amshike. Akaliona tabasamu, lile lile la Jumapili, limechanua juu ya kaburi la mtoto wake.

Aliurudisha uso wake mbele.

Waliporudi nyumbani msusi alimpelekea chai chumbani. Mama mkwe aliitazama chai, akamtazama yeye.

"Nenda ukacheke kwenu," alisema.

Msusi hakuwa na kwao. Alisimama na kikombe mpaka kikaanza kumwagika, na wifi yake ndiye aliyekipokea.

"Mama, umepatwa na nini?" wifi aliuliza. "Mimi nilisimama naye bega kwa bega. Amelia mpaka amelowa."

"Na mimi nilisimama naye bega kwa bega. Macho ninayo. Jicho kavu, meno nje. Mtu mwenye uso mkavu namna hii sijapata kumwona."

Walioizunguka nyumba wakagawanyika vilevile. Shangazi mmoja wa Antena aliyesimama kushoto aliapa alimwona analia. Jirani aliyesimama kulia aliapa alimwona anacheka tena jino pembe. Fundi wa mafriji akaona hakuna njia ila kusema ukweli. Alikaa chini mbele ya mama yake, macho mekundu kwa kumlilia mdogo wake, akamweleza yote: uvimbe, mshipa uliokatika, tawi la kutafuna lililoletwa shavuni.

"Ni kama waya, Mama. Waya wa taa umekatika, wakaunganisha taa kwenye swichi ya feni. Sasa ukiwasha feni, taa inawaka. Hakucheka. Aliuma meno."

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Mwanawe akadhani ameelewa. Alikuwa ameelewa kweli, tena zaidi ya alivyotaka mwanawe.

"Kwa hiyo zile za mezani?" aliuliza.

Fundi aliitazama mikono yake.

"Nakuuliza. Zile za Jumapili, akila chakula changu. Nazo zilikuwa feni?"

"Mama..."

"Na marehemu alijua." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nyama ngumu ngumu. Wote mlijua, mkakaa mezani kwangu mkinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi naongeza kijiko. Sasa niamini lipi? Ama amenicheka kaburini, ama mmenicheka mezani. Chagueni wenyewe."

Hakukuwa na la kuchagua. Msusi alisikia yote kutoka barazani. Alitamani waliosema alicheka wangeshinda, kwa sababu hilo angeweza kulikana kwa moyo safi.

Wageni walitawanyika, mikeka ikakunjwa, na nyumba ile ikawa na baridi. Msusi alikuja kila baada ya siku chache na kikapu cha mboga au sabuni, akaishia jikoni kwa wifi. Mama mkwe alikuwa akiitikia salamu yake kama anavyoitikia ya mpita njia. Neno "mwanangu" hakulisikia tena. Kumlilia Antena nako alishindwa. Kila kilio kilipomjia alikumbuka uso wake, akauma meno, akalihisi shavu linapanda gizani kwenye mto, akajichukia.

Alikwenda kwa Mwalimu wa Uso.

"Nataka mlikate tawi lile," alisema. "Mlirudishe shavu lilivyokuwa. Lining'inie tu."

Mama yule alimsikiliza habari yote, na habari ilipofika kwenye kaburi aliweka kalamu chini. "Ni kosa langu," alisema. "Nilikufundisha kutabasamu kwa picha, kwa wateja, kwa mume. Sikukufundisha msiba. Niliwaza watu wanaocheka. Sikuwaza kwamba mtu anayezuia kilio anang'ata."

"Mlikate."

"Kudhoofisha kwa sindano tunaweza. Lakini ukiondoa hili la makaburini, na lile la mteja wako limekwenda. Kiini hakina moyo wa kuchagua." Alimshika taya kwa ile mikono yake baridi. "Kwa miaka, wengine hujifunza kutenganisha, wakang'ata bila kutabasamu. Na hata leo kuna njia moja. Ukitaka kulia, acha taya lianguke. Fungua mdomo ulie kwa sauti."

"Sijawahi kulia hivyo tangu nizaliwe."

"Ulilia hivyo ulipozaliwa," Mwalimu wa Uso alisema.

Msusi aliondoka bila kuamua. Lakini siku mbili tatu baadaye wifi alimtumia ujumbe kwamba mama anafungua chumba cha Antena, amekataa kusaidiwa, na ameanza kukunja mashati tangu asubuhi hata shati la tatu halijaisha. Msusi alimwacha mteja wake kwa msaidizi, akavua aproni akaenda.

Alimkuta mama mkwe ameketi kwenye kitanda cha Antena na shati la kazi mapajani, lenye madoa ya kutu mabegani. Alikuwa analikunja, analikunjua, anaanza tena. Hakuinua macho.

"Wifi yako yuko jikoni," alisema.

"Nimekuja kwako, Mama."

Akaketi kushoto kwake kitandani, kusudi, ili upande wake wa kulia umwelekee mama. Alijua akikosea hapa hakuna mlango mwingine wa kubisha.

"Za mezani zilikuwa uongo," alisema. "Kwanza niliogopa kukuvunja moyo, kisha nikaogopa kusema nimechelewa. Chakula chako nakipenda, lakini sikukitabasamia. Nilikitafuna tu. Nisamehe. Hilo nimelifanya. Lile la kaburini sikulifanya, na naomba mkono wako."

Mama mkwe hakuutoa. Msusi aliuchukua mwenyewe, mkono mkavu wenye mishipa, akauweka chini ya sikio lake la kulia, pale taya linapopinda. Akauma meno.

Shavu likapanda. Mama mkwe aliliona lile tabasamu akataka kuuvuta mkono kwa hasira. Kisha vidole vyake vikahisi kilichokuwa chini. Msuli ulikuwa umevimba, mgumu kama mfupa, unatetemeka kwa jinsi ulivyokazwa. Vidole vikabaki pale pale.

"Legeza," alisema.

Msusi akalegeza. Shavu likaanguka, msuli ukapotea chini ya vidole.

"Kaza."

Likapanda. Mama mkwe alilirudia hilo mara kadhaa, kaza, legeza, akitazama tabasamu likija na kuondoka, uso wake ukibadilika kidogo kila mara.

"Siku ile ulikuwa umekaza hivi?"

"Zaidi ya hivi. Jino moja lilipata ufa."

"Kwa nini hukulia tu kama watu?"

"Ningeanza nisingeacha, Mama. Na wewe ulikuwa umejikaza. Ningeliaje mimi, wewe uliyemzaa umesimama wima?"

Mkono mmoja wa mama mkwe ulikuwa bado kwenye taya la msusi. Ule mwingine uliliacha shati, ukapanda polepole kwenye shavu lake mwenyewe, ukatafuta chini ya sikio, ukasimama hapo. Alikunja uso kama mtu aliyesikia mlio asioujua ndani ya nyumba yake.

"Hebu shika hapa," alisema. "Langu mbona liko hivi?"

Msusi akashika. Msuli ulikuwa umevimba, mgumu kama mfupa, na ulitetemeka. Mama mkwe alikuwa anaongea, hana hasira wala hatafuni kitu, na meno yake ya nyuma yalikuwa yamebanana.

"Tangu lini, Mama?"

"Sijui." Aliwaza. "Tangu waliponipigia simu, nadhani. Kichwa kinaniuma kila siku. Nilifikiri ni usingizi." Aliusugua msuli ule kwa kidole. "Kumbe na mimi nimekuwa nikicheka siku zote hizi, mwanangu. Ila mimi uso wangu haukunisema."

"Fungua mdomo, Mama," msusi alisema. "Acha taya lianguke. Tufungue wote."

Akaufungua wake kwanza. Kwa muda haikutoka sauti, na walikaa hivyo wakitazamana, watu wazima wawili vinywa wazi. Kisha sauti ikatoka, na haijulikani ilianza kwa nani. Wifi alikuja mbio kutoka jikoni mikono ina povu la sabuni, akawakuta wameangukiana juu ya mashati ya Antena, wanamwita kwa sauti iliyofika barabarani. Uso wa msusi ulikuwa umelegea upande mzima wa kulia, jicho wazi na kavu, shavu limening'inia kama lilivyokuwa kabla ya daktari kuazima chochote. Mama mkwe alikuwa ameulaza begani pake, anaufuta mdomo ule kwa kona ya kanga.